Samaki na Mnyoo: Apigane au Avumilie?

Hoja iliyo mezani ni fupi: samaki bora ni yule ambaye kinga yake inapambana vikali na minyoo wa tumboni. Wafugaji wengi wataikubali papo hapo, maana tumezoea kuamini kwamba mwili wenye afya ni mwili unaopigana. Wataalamu wa samaki wa maji baridi, hata hivyo, bado wanabishana juu yake, na ubishi wao unamgusa mwenye bwawa, mwenye mtumbwi na mnunuzi wa dagaa sokoni.

Tumeupanga ubishi huo kama baraza la watu wanne na mwenyekiti, kandokando ya Ziwa Viktoria. Wazungumzaji ni wa kubuni, ila ushahidi wanaouleta ni wa kweli. Daktari ni bingwa wa magonjwa ya samaki na anaiunga mkono hoja. Mwalimu anafundisha ikolojia na anaipinga. Mfugaji ana mabwawa ya sato. Mvuvi amezeeka katika dagaa.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Mzee wetu, shikamoo.

MVUVI: Marahaba, wanangu. Semeni kwa Kiswahili tunachokielewa, nasi tutawasikiliza.

MWENYEKITI: Tumesikia. Daktari, hoja ni yako. Anza.

DAKTARI: Nianze na kile ninachokiona kwenye hadubini. Chukua utumbo wa samaki aitwaye trauti, mwenye *Pomphorhynchus laevis*, mnyoo wa mito ya Ulaya. Kata kipande chembamba, kitie rangi, kiweke chini ya lenzi. Mnyoo huyu ana pua iliyojaa ndoano. Utaiona imetoboa utando wa ndani wa utumbo, ikapita misuli, na nyuma ya ndoano shingo imevimba mviringo ili asichomoke. Hana mdomo wala tumbo. Anafyonza chakula cha samaki kwa ngozi yake yote.

Sasa tazama pembeni yake. Seli zinazotoa ute zimeongezeka, na ute umetanda. Kuizunguka pua kuna umati wa seli zenye punje, zinazoitwa seli za masti. Punje hizo zimebeba kemikali za kushambulia. Mwaka 2001 watafiti walikuta ndani ya seli za namna hii, kwa samaki wa jamii ya bass, protini fupi za kuua vijidudu zinazoitwa pisidini. Nje ya umati huo nyuzi za kovu zimejenga ukuta. Huyo ni samaki aliyemtambua adui na kuchukua hatua. Mimi namtaka samaki wa aina hiyo.

MFUGAJI: Samahani Daktari, kabla hujaendelea. Samaki ana kinga kama yetu sisi?

DAKTARI: Kwa sehemu kubwa ndiyo, Mama. Ana bandama, ana tezi ya thimasi, ana kingamwili kwenye damu na kwenye ute. Anachokosa ni uboho wa mifupa wa kutengenezea damu, na hana matezi kama yale yanayotuvimba kwapani. Kazi ya kutengeneza damu inafanywa na figo. Ukipasua sato, ule ukanda wa rangi ya damu nzito uliolala chini ya uti wa mgongo ndio figo, na sehemu yake ya mbele, karibu na kichwa, ndiko seli za kinga zinakozaliwa. Tena hana kingamwili aina ya IgE, ambayo kwetu inahusika sana na minyoo na mzio. Ana ya kwake: mwaka 2005 iligunduliwa IgT kwa trauti, na mwaka 2010 ikaonekana kwamba kazi yake kubwa ni kulinda utumbo.

MWALIMU: Hapo nikukatishe kidogo. Utafiti huo wa 2010 ulitumia kimelea kisichoonekana kwa macho, *Ceratomyxa shasta* kama kilivyoitwa wakati huo. Si mnyoo. Kukabili kijidudu cha chembe chache ni kazi moja, na kukabili mnyama mwenye ndoano unayeweza kumshika kwa vidole ni kazi nyingine kabisa.

DAKTARI: Ni kweli, si mnyoo. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba utumbo wa samaki una ulinzi wake wenyewe, haungoji msaada wa damu tu.

MWALIMU: Ulinzi upo, sibishi. Swali langu ni moja: katika picha yako ile, mnyoo amekufa?

DAKTARI: Mara nyingi hapana.

MWALIMU: Yu hai, anafyonza, anataga mayai, na mayai yanatoka na kinyesi cha samaki. Aliyeumia ni nani basi? Ni ukuta wa utumbo. Penye kovu chakula hakifyonzwi vizuri, na kemikali za zile punje hazichagui. Zinaunguza nyama ya samaki mwenyewe pia. Mtazame tenchi, samaki wa madimbwi ya Ulaya, akiwa na tegu aitwaye *Monobothrium wageneri*. Vichwa vya tegu hukutwa vimezama pamoja ndani ya kinundu, ukuta umevimba na kuwa mnene, na seli za kinga zimejaa tele. Tegu bado wameng'ang'ania palepale.

Tena tusidanganywe na wingi wa seli kwenye lenzi. Mwaka 1892 Mfaransa Thélohan aliona katika samaki seli zenye vijiti ndani yake, akadhani ni vimelea. Ubishi kuhusu seli hizo ulidumu karibu karne nzima. Leo wengi wanakubali kwamba ni za samaki mwenyewe, na zinaonekana kuhusika na ulinzi. Kama wataalamu walishindwa kwa muda wote huo kutofautisha askari na mvamizi, basi kuona seli nyingi mahali pamoja hakutoshi kusema samaki anashinda.

MVUVI: Mwalimu kasema neno.

DAKTARI: Kasema, ila kachagua mifano inayompendeza. Acha niwapeleke kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada. Huko yupo samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni. Barafu ya kale ilipoyeyuka, yapata miaka 12,000 iliyopita, samaki hao walitoka baharini wakaingia maziwani, na humo wakakutana na tegu ambaye baharini hawakuwa na mazoea naye, *Schistocephalus solidus*. Mayai yake huanguliwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Kinachoanguliwa huliwa na kidudu cha majini aitwaye kopepodi, kopepodi huliwa na samaki, na tegu hupenya ukuta wa utumbo na kukua kwenye uwazi wa tumbo. Hukua mno, hadi uzito wake ukakaribia ule wa samaki.

Katika Ziwa Gosling tegu hao hunenepa. Katika Ziwa Roberts, kisiwani humohumo, samaki hujibu kwa makovu: nyuzi hutanda tumboni, viungo vikashikamana, na tegu akabanwa asikue. Wengine hufa humohumo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science. Kumbe kinga kali inaweza kumdhibiti mnyoo, Mwalimu.

MWALIMU: Nashukuru umelitaja Ziwa Roberts, maana utafiti huohuo ni shahidi wangu. Wewe umeishia kwenye hasara ya tegu. Watafiti walipima na hasara ya samaki, wakakuta kwamba mwenye makovu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuzaa. Tumbo lililoshikamana kwa nyuzi halina nafasi ya mayai. Kisha wakasoma jeni zao, wakakuta kwamba uteuzi wa asili umevuta pande mbili: kuna maziwa ambako kinga hiyo imeimarika, na kuna maziwa ambako samaki waliwahi kuwa nayo wakaiacha. Kama kinga kali ni bora siku zote, kwa nini wengine waliiacha na kizazi chao kikaendelea?

MFUGAJI: Kwa hiyo samaki asiyepigana si mnyonge?

MWALIMU: Si lazima awe mnyonge, Mama. Chakula anachokula samaki kina mafungu: kukua, kuzaa, kutafuta oksijeni, kujilinda. Ukiongeza fungu moja, jingine linapungua. Samaki anayembeba mnyoo bila kuvimba, akakua na kutaga kama wenzake, amepata ushindi wa namna yake. Sisi tunauita uvumilivu.

MVUVI: Hapo sasa nami nina la kusema. Mwalimu, huo uvumilivu wako njoo uuangalie mwaloni. Dagaa wa ziwa hili, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, tunampata na mnyoo tumboni. Hukosi kumtambua: tumbo limejaa kuliko wenzake, na ngozi yake imevutika hadi inang'aa. Ukimbonyeza tumbo kwa kidole gumba unatoka utepe mweupe, bapa, wenye kukaribia urefu wake na pengine kumzidi, na bado unajikunjakunja kwenye kiganja. Mwenye utepe huo hana mayai. Hata awe jike mkubwa, ukimpasua huoni kitu. Huyo naye anavumilia?

DAKTARI: Asante, Mzee wetu. Huyo ni *Ligula intestinalis*, ndugu wa yule tegu wa Kanada. Naye hupitia kwa kopepodi, hupenya utumbo na kukaa kwenye uwazi wa tumbo. Tafiti za samaki wa Ulaya aitwaye roach zimeonyesha kwamba akiwepo Ligula, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hupunguza homoni za kuamsha uzazi. Samaki yu hai, anaogelea, anakula, lakini amehasiwa. Ukinyamaza mbele ya mnyoo wa namna hiyo, unavumilia mpaka ukoo wako ukatike.

MWENYEKITI: Mwalimu, naona umebanwa.

MWALIMU: Nimebanwa, na Mzee ana haki. Uvumilivu una maana pale tu ambapo mnyoo anamwachia samaki nafasi ya kukua na kuzaa. Ligula hamwachii. Lakini jambo hilo linatufungulia mlango, kwa sababu leo tumekuwa tukizungumzia minyoo wa aina mbili kana kwamba ni wamoja.

Mnyoo wa Daktari kwenye utumbo wa trauti ni mzima, amefika mwisho wa safari, anataga humo. Kwake samaki ni nyumba ya kupanga: samaki akifa, mnyoo naye hana pa kukaa. Ligula ndani ya dagaa ni mchanga, bado hajafika. Anataka dagaa aliwe na ndege, mnandi kwa mfano, kwa sababu ni kwenye utumbo wa ndege ndiko atakakokomaa na kutaga kwa siku chache tu kabla ya kufa. Kwake dagaa ni daladala, na abiria hajali gari litaharibika lini baada ya yeye kushuka.

DAKTARI: Hapo tunaanza kuelewana. Basi hata muda wa mapigano una maana. Katika majaribio ya Ujerumani kwa yule samaki wa miiba mitatu, seli za kushambulia zilikuwa na nguvu ndogo mwanzoni, wakati tegu ni mchanga na dhaifu. Nguvu ilikuja kupanda baadaye, tegu akiwa mkubwa na tayari kwa ndege. Kinga iliyochelewa hivyo inamgharimu samaki na haimwondoi tegu.

MWALIMU: Na haistahili kuitwa kali. Imechelewa tu.

DAKTARI: Sawa. Ndiyo maana natetea kinga inayowahi. Mnyoo akiwa bado anapenya ukuta wa utumbo ni mdogo, hana silaha nyingi, na kumzuia hakugharimu makovu ya kuziba tumbo zima. Halafu msisahau joto la maji. Samaki hana joto lake la kudumu. Maji yakipoa, kingamwili huchelewa kujengeka, na kwa trauti zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiwalinganisha samaki wa maziwa mawili bila kupima joto, unaweza kumwita mmoja hodari na mwenzake mzembe, kumbe tofauti ni ya maji.

MWALIMU: Kabla hatujatoka kwa mnyoo mwenye makazi, niongeze ushahidi mmoja wa ajabu. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani walipima madini ya risasi kwa samaki aitwaye chabu na kwa *Pomphorhynchus* waliomo utumboni mwake. Minyoo walikuwa na risasi mara 2,700 zaidi ya nyama ya samaki. Majaribio ya baadaye yakaonyesha kwamba mnyoo huinyonya risasi kutoka utumboni, na samaki mwenye minyoo akabakiwa na kiasi kidogo zaidi kuliko asiye nao. Sasa niambie, kinga ikimfukuza mnyoo huyo mtoni penye uchafu wa viwanda, imemsaidia samaki au imemponza?

DAKTARI: Usije ukaanza kuwapigia debe minyoo, Mwalimu! Suluhisho la mto wenye risasi ni kuzuia risasi isiingie mtoni. Ila ushahidi wako naukubali, na unaonyesha kwamba huwezi kuhesabu faida ya kinga bila kujua samaki anaishi kwenye maji gani.

MFUGAJI: Wakubwa zangu, nimejifunza mengi, lakini mimi nitarudi bwawani. Nina sato. Nimesikia pia watu wanauza vyakula vya kuongeza kinga. Ninunue? Nitafute vifaranga wa ukoo wenye kinga kali? Nifanyeje?

DAKTARI: Tuanze na mnyoo aliyepo, Mama. Sato wa Afrika hukutwa na mnyoo wa kichwa cha miiba utumboni, *Acanthosentis tilapiae*. Wakiwa wachache, sato hunenepa kama kawaida. Hao usiwatangazie vita. Wakiwa wengi, au ukikuta tegu, hali ni nyingine. Chanjo ya kibiashara dhidi ya minyoo wa utumbo wa samaki hakuna. Dawa zipo, prazikwanteli huua tegu, lakini haimalizi kila aina ya mnyoo. Kwa hiyo usinunue dawa kabla mtaalamu hajaona mnyoo ni yupi, na baada ya dawa usivune mpaka muda aliokupa uishe.

MWALIMU: Na unapokagua usipasue samaki mmoja ukaridhika. Minyoo hawagawanyiki sawa. Katika kundi lolote sehemu kubwa yao hukutwa kwa samaki wachache, na wengi wanaobaki huwa nao kidogo au hawana kabisa. Ukimpasua mmoja unaweza kumpata asiye nao ukajidanganya, au ukampata aliyejaa ukaogopa bure. Pasua kadhaa, wa ukubwa tofauti, na uandike.

MFUGAJI: Na vyakula vya kinga?

DAKTARI: Kinga ya kwanza ni starehe ya samaki. Samaki waliosongamana, wenye oksijeni pungufu na chakula duni, hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi, na kotisoli huididimiza kinga. Ukimwaga kirutubisho ghali kwenye bwawa lililojaa kupita kiasi, umetupa fedha. Punguza msongamano kwanza.

MWALIMU: Kisha kata mzunguko wa mnyoo nje ya samaki, ambako hakuna ubishi kati yangu na Daktari. Baada ya mavuno kausha bwawa, litie chokaa, uwapunguze wale vidudu wanaobeba minyoo. Tandaza wavu juu ili ndege wasishuke. Vifaranga wapya watenge kwanza, usiwachanganye siku ya kuwaleta. Matumbo ya samaki uliowapasua yazike, usiyarudishe majini.

MFUGAJI: Na ukoo wenye kinga kali?

DAKTARI: Wazalishaji wa vifaranga wanaweza kuchagua wazazi wanaostahimili magonjwa, na mimi nawahimiza. Ila baada ya mjadala huu nitaongeza sharti: wasihesabu minyoo peke yake. Wapime na kasi ya kukua, wahesabu na mayai. Samaki asiye na mnyoo hata mmoja lakini asiyezaa hamfai mzalishaji.

MWALIMU: Nami nitaongeza sharti langu: anayeniletea samaki mvumilivu aniambie kwanza mnyoo wake ni yupi, na yuko kwenye hatua gani ya maisha yake.

MVUVI: Mimi nina swali la mwisho, la walaji. Huyu dagaa mwenye utepe, tunamla?

DAKTARI: Mnyoo aliyeiva vizuri kwenye mafuta ya moto au kwenye mchuzi uliochemka amekufa, Mzee wangu. Dagaa mbichi au wa kuivishwa nusu ndiye wa kumwogopa, awe na utepe au asiwe nao. Samaki mkubwa mtoe matumbo mapema, umsafishe, umpike aive.

MWENYEKITI: Nawashukuru. Kazi ya kutoa uamuzi tumwachie mwandishi.

Uamuzi wenyewe ni huu. Hoja, kwa jinsi ilivyoletwa, imeshindwa. Na upinzani, kwa jinsi ulivyoanza, umeshindwa pia. Ukali wa kinga si kipimo cha ubora wa samaki. Ziwa Roberts limeonyesha kwamba kinga inaweza kumbana mnyoo na papo hapo ikambana samaki. Dagaa wa Ziwa Viktoria naye ameonyesha kwamba kuishi na mnyoo kunaweza kuwa kuhasiwa polepole. Kipimo cha haki ni matokeo kwa samaki: je, anakua, na je, anazaa? Ili kulijibu hilo ni lazima kujua kwanza mnyoo anamtaka samaki huyo kwa makazi au kwa usafiri, na kwenye maji ya namna gani.

Kwa wataalamu na wahisani wa utafiti, ombi ni moja. Tunajua mengi zaidi kuhusu kinga ya trauti wa Ulaya na ya samaki wadogo wa maziwa ya Kanada kuliko tunavyojua kuhusu kinga ya dagaa anayeliwa kila siku kuanzia Mwanza hadi Kisumu na Kampala. Pasueni dagaa, pimeni kinga yao, mtuambie kama wapo wanaomzuia Ligula kabla hajawanyima mayai. Na wewe mfugaji, kabla hujalipia dawa au kirutubisho chochote, kamata samaki kadhaa bwawani, wapasue, na umwite afisa uvuvi amtambue mnyoo uliyemkuta.